Heshima ya Bunge na haki ya mbunge kupinga

SWALI

Kwako mwandishi wa safu hii. Baada ya salamu, mimi ni mwalimu wa shule ya upili huku Kisauni, na miongoni mwa majukumu yangu ni kusimamia chama cha mijadala cha wanafunzi. Muhula huu tulijadili hoja isemayo kwamba mbunge anayezua zogo ukumbini hastahili kubaki Bungeni. Waliounga mkono walileta kisa cha Desemba 2014, pale Naibu Spika alipomwagiwa maji. Waliopinga walileta kisa cha Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, aliyetolewa ukumbini mwaka 2019 kwa kuingia na mtoto wake mchanga. Nilishindwa kutoa uamuzi, kwa sababu niliona kila upande una haki yake. Mpaka uko wapi baina ya heshima ya Bunge na haki ya mbunge kupinga?

Mwalimu, Kisauni

JIBU

Mwalimu wangu, wanafunzi wako wamechagua visa vizuri mno, kwa sababu wahusika wote waliambiwa wamevunja heshima ya Bunge, ilhali walichokifanya hakifanani hata kidogo. Kabla ya kuvitazama, naomba tukubaliane juu ya jambo moja ambalo ndilo msimamo wangu katika suala zima. Kanuni za heshima Bungeni hazikuwekwa ili wakubwa wasikwazike. Ziliwekwa ili kila aliyechaguliwa apate nafasi ya kusema, asikike, na kura yake ihesabiwe, hata kama yeye ni mmoja na wanaompinga ni mia tatu. Kwa hiyo mbunge anapopinga kwa njia isiyo ya kawaida, swali la kwanza ni iwapo kitendo chake kimemzuia mwenzake kusema, kusikia au kupiga kura. Na Spika anapotoa adhabu, swali la kwanza ni iwapo adhabu hiyo imewanyamazisha wananchi waliomtuma mbunge huyo.

Katiba yetu ya 2010 imeyaweka mambo haya mawili katika kifungu kimoja, Kifungu cha 117. Sehemu ya kwanza inasema kwamba kutakuwa na uhuru wa kusema na kujadili Bungeni. Sehemu ya pili inaliruhusu Bunge kujiwekea mamlaka na kinga ili shughuli zake ziende kwa utaratibu na kwa ufanisi, na ndipo ilipotoka Sheria ya Mamlaka na Haki za Bunge ya mwaka 2017. Tazama mpangilio huo: uhuru umetangulia, na utaratibu umekuja kuuhudumia.

Wakenya hawakuandika uhuru huo kwa kupamba karatasi. Oktoba 1975, miezi michache baada ya kuuawa kwa mbunge J.M. Kariuki, mbunge mwenzake Martin Shikuku alisema ukumbini kwamba wapo watu wanaojaribu kuliua Bunge kama chama cha KANU kilivyouawa. Wenzake walipodai athibitishe maneno hayo, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, ambaye ndiye aliyekuwa kitini, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye, tarehe 15 Oktoba, wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge na kutiwa kizuizini, wasitoke hadi mwaka 1978. Hapakuwa na ngumi wala filimbi siku ile. Palikuwa na hoja ya nidhamu na uamuzi wa kiti, mambo ya adabu kabisa, na bado watu wakafungwa. Ndiyo maana mimi huwa na tahadhari ninaposikia kiongozi akisema kwamba heshima ya Bunge imechafuliwa, kwa kuwa mara nyingi kilichochafuliwa ni raha yake.

Sasa tuje kwenye Desemba 2014. Serikali ilileta mswada wa kurekebisha sheria za usalama, uliogusa sheria nyingi kwa mpigo mmoja, na ukapitishwa tarehe 18 Desemba, chini ya wiki mbili tangu kuwasilishwa, watu wakiwa tayari wanafikiria likizo ya mwisho wa mwaka. Wabunge wa upinzani walirarua karatasi za shughuli za siku, wakapiga kelele mfululizo, wengine wakashikana mashati, na Naibu Spika Joyce Laboso akamwagiwa maji. Spika Justin Muturi aliendesha upigaji kura wa sauti katika vurumai ambamo aliyeketi nyuma asingeweza kujua kama waliosema «ndio» ni wengi au ni wachache. Tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba vipengele vinane vya sheria ile vinakwenda kinyume na Katiba.

Nakuomba uwaeleze wanafunzi wako kwamba katika kisa hiki mambo mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja. Wapinzani walikuwa na haki katika hoja yao, na mahakama imewathibitisha. Lakini aliyemmwagia mwenzake maji alikosea kosa kubwa, na kosa hilo halikufutwa na hukumu ya Februari. Kipimo chetu kinaonyesha kwa nini: maji yale na zile kelele zilizuia mjadala wa vifungu vilevile ambavyo wapinzani walitaka wananchi wavisikie vikichambuliwa. Waliotaka mswada upite haraka hawakupoteza kitu, maana wenye wingi wa kura hawahitaji mjadala. Mchache ndiye anayehitaji utulivu, ili hoja yake iingie katika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na kesho mwanasheria aisome mbele ya jaji.

Hata hivyo, lawama haiishii kwa wenye kelele. Spika anayekubali mswada mzito upitishwe kwa pupa, anayepunguza dakika za wapinzani na kuharakisha kura ya sauti badala ya kusubiri ukumbi utulie wabunge wapige kura mmoja mmoja kwa majina, naye amevunja heshima ya Bunge, ingawa hakuna askari atakayemtoa. Ni sawa na mzee wa baraza mtaani ambaye kila upande mmoja ukisema anawaambia «maliza», na upande wa pili ukisema anaitikia kwa kichwa: akisha kufanya hivyo, asishangae watu wakianza kupaza sauti. Katiba inataka theluthi mbili ya wabunge wote ili Spika aondolewe, yaani 233 kati ya 349, kiwango ambacho upande wa wachache hauwezi kukifikia peke yake. Kwa hiyo haki ya wachache inategemea sana uadilifu wa mtu mmoja aliyeketi kitini, na uadilifu huo ukikosekana fujo haziko mbali.

Kisa cha Kwale ni kinyume chake. Tarehe 7 Agosti 2019 Zuleikha Hassan aliingia ukumbini akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano. Alieleza kwamba alipatwa na dharura na hakuwa na mahali pa kumwacha. Kelele zilizozuka zilitoka kwa wabunge wengine, wengi wao wanaume, wala si kwa mama wala kwa mtoto. Christopher Omulele, aliyekuwa kitini, aliamua kwamba Kanuni haziruhusu mgeni ukumbini na kwamba mbunge anaweza kurudi bila mtoto, na baadhi ya wabunge wanawake wakatoka pamoja naye. Kwa herufi za Kanuni, uamuzi ule ulikuwa na mahali pa kusimamia. Kwa roho yake, sioni ulivyomlinda mtu yeyote. Mama yule hakumzuia mtu kusema wala kupiga kura. Aliyezuiwa ni yeye, na kupitia kwake watu wa Kwale. Sheria ya Afya ya 2017, iliyopitishwa na Bunge hilohilo, inawataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyesha. Mbunge akiwaonyesha wenzake, kwa mwili wake na mwanawe, kwamba sheria waliyoitunga haijafika nyumbani kwao, hilo ni pingamizi la heshima kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia.

Ndivyo ninavyoliona pia suala la Seneta Gloria Orwoba, ambaye Februari 2023 aliingia Seneti na suruali nyeupe yenye doa jekundu, akisema kwamba hakuona sababu ya kulionea haya wakati wasichana wanakosa shule kwa kukosa sodo. Spika Amason Kingi, ambaye ni mtu wetu wa Pwani, alimtaka atoke akabadilishe. Ningependa angemwacha aseme alichotaka kusema, kisha kikao kiendelee.

Baina ya kisa cha 2014 na kile cha Kwale yapo mambo ya katikati, na hapo ndipo wanafunzi watakapopata kazi. Tarehe 31 Machi 2016 wabunge wa upinzani walipuliza filimbi Rais Uhuru Kenyatta alipokuwa akilihutubia Bunge, na baadhi yao wakaamriwa kutoka. Mimi ningehesabu filimbi ile upande wa makosa, kwa sababu ilikusudiwa kumfanya mtu asisikike. Katikati ya mwaka huohuo, kule Dodoma, wabunge wa upinzani walioona kwamba Naibu Spika Tulia Ackson hawatendei haki walitoka nje ya ukumbi wakiwa wameziba midomo kwa karatasi na plasta. Hawakumzuia mtu hata sekunde moja, na picha zao zikasambaa Afrika Mashariki nzima. Njia mbili, mwaka mmoja, kilio kinachokaribiana, na tofauti kubwa ya nani amenyamazishwa.

Kwa hiyo Mwalimu, kama ningekuwa hakimu wa mjadala wako, ningesema hoja imeshindwa, kwa sababu ilivyoandikwa inachanganya zogo linaloziba midomo ya wenzako na pingamizi linalofungua yako. Waambie waiandike upya, kisha warudi ukumbini.

SWALI

Mimi ni mfanyabiashara wa Kongowea. Sisi tukiandamana tunapigwa vitoa machozi na kutiwa kwenye karandinga, lakini waheshimiwa wakipigana Bungeni wanarudi nyumbani na marupurupu yao. Kwa nini polisi wasiingie wakawakamata kama raia wengine?

Msomaji, Kongowea

JIBU

Ndugu yangu, uchungu wako una msingi, na kwanza niseme kwamba haki unayoilalamikia ni yako: Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Kosa liko kwa anayekurushia kitoa machozi ilhali hujavunja kitu, na dawa yake si kuwapelekea wabunge kitoa machozi hichohicho.

Tofauti iko hapa. Polisi wako chini ya Serikali, na kazi ya Bunge ni kuichunguza Serikali. Siku afisa wa Serikali atakapopata ruhusa ya kuingia ukumbini na kumchagua wa kumtoa, mbunge atakuwa anasema kwa kukadiria nani anamsikiliza mlangoni. Waganda waliliona hilo Septemba 2017, wakati wa mswada wa kuondoa kikomo cha umri wa rais. Spika Rebecca Kadaga aliwasimamisha wabunge 25, maafisa wa usalama wakaingia kuwatoa kwa nguvu, na mswada ukaendelea na safari yake wenye kuupinga wakiwa nje.

Afrika Kusini walikwenda mbele zaidi, wakalipeleka jambo mahakamani. Februari 2015, wabunge wa chama cha upinzani cha EFF walisimama mara kwa mara kumuuliza Rais Jacob Zuma ni lini atarudisha fedha za umma zilizotumika kwenye makazi yake ya Nkandla, na wakatolewa kwa nguvu na watu wa usalama. Mwaka uliofuata, Machi 2016, Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kipengele cha sheria ya mwaka 2004, kilichoruhusu kukamatwa kwa yeyote anayezua vurugu Bungeni, hakiwezi kutumiwa dhidi ya wabunge, kwa sababu kinatishia uhuru wao wa kusema. Haikusema kwamba mbunge mwenye fujo asiguswe. Spika bado anaweza kuamuru atolewe. Ilichokataa ni pingu. Na katika mwezi huohuo mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba Zuma alishindwa kuitetea Katiba katika jambo la Nkandla. Swali lililowatoa wabunge ukumbini lilikuwa swali halali.

Lakini sitaki unielewe kwamba kinga ni ya kila kitu. Kinga ni ya maneno na mjadala. Mbunge akimvunja mwenzake jino, hilo ni kosa la jinai, na aliyeumizwa ana haki ya kwenda kituo cha polisi kama wewe ungekwenda. Tarehe 29 Desemba 2021, katika mjadala wa mswada wa vyama vya siasa, mbunge mmoja alitoka ukumbini uso ukichuruzika damu. Mapigano ya namna hiyo hayana jina la kupinga, na mimi sitayatetea hata kama hoja iliyoyazaa ningeiunga mkono.

SWALI

Mwakilishi wa wadi akisimamishwa na bunge la kaunti kwa miezi kadhaa, sisi tuliomchagua tunasemewa na nani? Na je, hilo ni halali?

Mama wa watoto wanne, Changamwe

JIBU

Mama, umeuliza swali ambalo wanasheria wengi hulizunguka. Mombasa ina wadi 30. Mwakilishi mmoja akiwekwa nje, wadi nzima inakaa bila mtu wa kuuliza kwa nini taa za barabarani haziwaki au zahanati haina dawa, na bajeti inapitishwa bila kura yake. Mabunge ya kaunti yana sheria yake ya mamlaka na haki, nayo pia ni ya mwaka 2017, inayoruhusu adhabu kadhaa baada ya kamati kumsikiliza mhusika. Kwa hiyo kusimamishwa kwenyewe kunaweza kuwa halali. Ninachokipinga ni urefu wake, na mara nyingi sababu yake.

Tazama yaliyotokea New Zealand. Novemba 2024 mbunge kijana wa chama cha Wamaori, Hana-Rāwhiti Maipi-Clarke, alirarua nakala ya mswada uliogusa mkataba wa kale baina ya watu wake na ufalme wa Uingereza, akaanza haka, ngoma ya jadi ya Wamaori, katikati ya upigaji kura, na wenzake wakajiunga naye. Spika alisitisha kikao kwa muda, kisha kura ikakamilika. Huo ulikuwa usumbufu, sikatai, kwani kura ilisimama. Lakini ilisimama kwa muda mfupi, na hakuna aliyenyimwa kura yake. Juni 2025 Bunge likamsimamisha kwa siku saba, na viongozi wawili wa chama chake kwa siku 21 kila mmoja, bila mshahara, katika nchi ambayo hapo awali adhabu ndefu kuliko zote ilikuwa siku tatu. Walioamua ni wingi wa wabunge wa upande uliochukizwa. Na ule mswada? Ulikuwa umekwisha kukataliwa Aprili, kwa kura 112 dhidi ya 11.

Kule jimbo la Tennessee, Marekani, walikwenda mbali zaidi. Aprili 2023 wawakilishi Justin Jones na Justin Pearson walifukuzwa kabisa kwa kutumia kipaza sauti ukumbini kudai sheria kali za bunduki baada ya watoto kuuawa shuleni Nashville. Siku chache baadaye mabaraza ya maeneo yao yaliwarudisha. Watu walikuwa wanadai sauti yao.

Mimi naona hivi. Mjumbe anayezuia kikao kuendelea atolewe kwa siku hiyo, na akirudia, kwa siku chache nyingine. Zaidi ya hapo, aguswe mfukoni, yaani akatwe marupurupu, kwa sababu adhabu hiyo inamuuma yeye na haiwaumi watu wa Changamwe. Na hata faini iwe na utaratibu. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali kwamba Bunge la Hungaria lina haki ya kulinda utulivu wake, lakini ikasema faini walizotozwa wabunge waliobeba mabango na kutumia kipaza sauti zilikiuka haki zao, kwa kuwa hawakupewa nafasi ya kujitetea. Mwakilishi wako akisimamishwa, uliza kwanza: alisikilizwa? Aliandikiwa kosa lake? Kama jibu ni hapana, anaweza kwenda Mahakama Kuu, na ninyi wapiga kura mnaweza kwenda naye.

SWALI

Nikienda kusikiliza mjadala, naruhusiwa kupiga makofi au kuinua bango?

Mwanafunzi wa chuo, Tudor

JIBU

Hapana, mwanangu. Roshani ya wageni ni ya kusikiliza, na askari wa Bunge watakutoa ukipiga makofi. Lakini usiichukulie ruhusa ya kuketi pale kuwa hisani. Kifungu cha 118 kwa Bunge la Taifa na Seneti, na cha 196 kwa mabunge ya kaunti, vinataka vikao viwe wazi na umma ushirikishwe. Ukitaka sauti yako iingie ukumbini, andika ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki hiyo kwa Bunge, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki kama hiyo kwa bunge la kaunti. Iandike kwa Kiswahili ukipenda, maana Kifungu cha 120 kinakitambua kuwa lugha rasmi ya Bunge, eleza jambo unalotaka lifanywe, tia sahihi, ipeleke kwa karani, na usiondoke kabla ya kugongewa muhuri kwenye nakala yako.